Utamaduni si sare ya siku moja: Ngano, ngoma na mtoto wa Thika na Ruiru

Kila Jumatatu na Ijumaa asubuhi, bendera inapopandishwa, watoto wa chekechea kutoka Makongeni mjini Thika hadi Gatong'ora kule Ruiru husimama wima wakaimba wimbo ambao asili yake ni bembea. Ndiyo, bembea: wimbo wa kumtuliza mtoto mchanga alale. Mnamo 1963, nchi ilipokuwa mlangoni pa uhuru, wanamuziki watano, yaani Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, walikabidhiwa kazi ya kuandaa wimbo wa taifa. Badala ya kuagiza sauti kutoka Ulaya, walichukua sauti ya wimbo ambao akina mama wa Kipokomo waliwaimbia watoto wao kandokando ya Mto Tana.

Mpenzi msomaji, maji ya Chania huingia Mto Thika, na Mto Thika nao humwaga maji yake katika Tana. Tangu jadi, maji yalishuka kutoka Thika kwenda kwa Wapokomo. Mwaka huo wa 1963, wimbo ndio uliopanda mto. Na hadi leo sijasikia mzazi wa Ruiru akilalamika ati mwanawe anafundishwa utamaduni wa kabila jingine.

Naanza na kisa hiki kwa sababu kinagusa swali ambalo walimu wengi wa madarasa ya chini katika miji hii miwili hulikwepa: mtoto afunzwe utamaduni upi, kwa lugha ipi, na afunzwe na nani? Mwaka hauishi kabla ya shule kutangaza siku ya utamaduni. Wazazi hukimbia sokoni kusaka leso, shanga na sketi ya makatani. Mtoto hupigwa picha, picha ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa, kisha Jumatatu sketi inarudishwa kwa mwenyewe maana ilikuwa ya kukodi. Je, hapo mtoto kajifunza nini? Ili kujibu, sharti turudi nyuma tuone kazi hii ilifanywaje kabla ya shule kuwepo, na ni nini hasa kilichovunjika njiani.

Mekoni kwa shosho

Jomo Kenyatta, mwenyeji wa Gatundu, si mbali na Thika, aliandika kitabu Facing Mount Kenya mwaka 1938. Kitabu hicho kilitokana na masomo yake ya anthropolojia mjini London chini ya Bronislaw Malinowski. Katika sura inayohusu malezi, anaeleza kwamba elimu ya mtoto wa Kigikuyu ilianza na bembea. Historia na desturi za ukoo zilitiwa ndani ya nyimbo hizo, na mtoto akazisikia kila siku kabla hajaweza kutamka neno lolote. Baadaye zilifuata ngano, vitendawili, michezo na ngoma za rika.

Mahali pa masomo hayo palikuwa mekoni. Jioni, chakula kikiwa bado motoni, nyanya au mama alisimulia huku watoto wakisubiri. Aghalabu mtoto alikuwa amebeba jina la nyanya au babu huyo huyo, kwa kuwa katika jamii ya Agikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba ya babake, na wa kike jina la mama ya babake. Kwa hivyo msimulizi na msikilizaji hawakuwa mwalimu na mwanafunzi tu. Walikuwa wajina.

Lugha zenyewe zinashuhudia kwamba mtindo huu haukuwa wa jamii moja. Mgikuyu husema rugano, na wingi wake ni ng'ano. Mswahili husema ngano. Mjaluo husema sigana. Lile jitu la kutisha linalokula watu, Mgikuyu huliita irimu, Mkamba iimu na Mswahili zimwi. Maneno haya yana mzizi mmoja katika lugha za Kibantu. Mbukusu naye ana linani wake. Mtoto wa Gatuanyaga na mtoto wa Lamu walitishwa usiku na kiumbe mmoja, tena kwa jina la ukoo mmoja. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Basi hili letu linatujua sote.

Hebu tutazame ngano moja mashuhuri ya Agikuyu, ile ya mke wa mhunzi. Mhunzi yuko mbali kiwandani pake, mkewe kajifungua, na zimwi limejifanya mkunga. Kila siku zimwi linapika, linamwonyesha mama chakula, kisha linakila lenyewe. Mama anadhoofika. Siku moja, akiwa anaanika mbegu za mbarika, njiwa anakuja. Mama anamwahidi mbegu iwapo atampelekea mumewe habari. Njiwa anaruka hadi kiwandani, anatua juu ya mti na kuimba. Mhunzi anaposikia wimbo huo anashika mkuki na kurudi nyumbani.

Tazama wimbo unavyofanya kazi hapo. Si pambo la kuwachangamsha watoto wanaosinzia. Bila wimbo, mhunzi hapati habari, mama anakufa na hadithi inakwama. Mtoto anayeitikia wimbo huo ndiye anayemsaidia njiwa kufikisha ujumbe. Anajifunza kwamba mwenye njaa akilia asikike, na kwamba anayekuhudumia si lazima awe anakupenda. Ukiondoa wimbo ukabakisha muhtasari, kama vitabu vingi vya shule vifanyavyo, umebakisha kifuu ukatupa nazi.

Wapwani walilijua jambo hili vilevile. Edward Steere, mmishonari aliyefika Zanzibar mwaka 1864 na kuchapisha mkusanyiko wake wa ngano za Kiswahili mwaka 1870, alieleza kuwa ngano za watu wa kawaida zilikuwa na vipande vya kuimba ambavyo wasikilizaji wote walijiunga navyo, na mara nyingi mifupa ya hadithi ilikuwa ndani ya vipande hivyo; msimulizi aliunganisha tu kwa maneno yake mwenyewe. Akaongeza jambo ambalo nitalirudia baadaye: baadhi ya nyimbo hizo, hata waimbaji wenyewe hawakuweza kufafanua maana ya maneno yake.

Reli, shamba na kanisa

Njia ya reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913. Ni wakati huohuo ambapo familia ya Elspeth Huxley, mtoto wa miaka sita hivi, ilipokuja kuanzisha shamba la kahawa karibu na mji huo. Kumbukumbu zake, The Flame Trees of Thika, zilizochapishwa 1959, ziliifanya Thika ijulikane ulimwenguni kupitia macho ya mtoto. Lakini mtoto huyo alikuwa wa setla. Mtoto wa Mgikuyu aliyekuwa akikua upande wa pili wa ua hakuandikiwa kitabu.

Ardhi ya Ruiru na Thika ikageuka mashamba ya kahawa na makonge. Wenyeji wakawa vibarua au maskwota kwenye ardhi waliyoijua, na wageni wakaja, wakiwemo Wakamba kutoka ng'ambo ya pili ya Mto Athi. Mama aliyechuma kahawa tangu alfajiri hakuwa na jioni ndefu ya kusimulia. Mwaka 1948 kampuni ya Kenya Canners ikaanzishwa Thika kusindika mananasi, na viwanda vingine vikafuata. Mabweni ya wafanyakazi yakakusanya watu wa lugha tofauti ukuta kwa ukuta.

Kanisa nalo lilikuja na shoka lake. Wamishonari wa Gospel Missionary Society walikuwa na kituo Kambui, kwenye nyanda za juu ya Ruiru. Hapo ndipo Harry Thuku alipopata masomo yake. Katika vituo vya aina hiyo, aliyejifunza kusoma alitarajiwa kuacha ngoma. Na hapa lugha inatuchezea mchezo ambao wasomaji wa safu hii wataufurahia. Katika Kiswahili, ngoma ni chombo kinachopigwa, ni mchezo unaochezwa, ni hafla yenyewe. Katika Gikuyu, neno lilo hilo, ngoma, ni roho za wafu, mizimu; na katika vinywa vya Wakristo likaja kumaanisha pepo mbaya, shetani. Mzazi Mgikuyu anaposikia mwalimu mgeni akisema kwa Kiswahili kwamba kesho watoto watacheza ngoma, sikio lake lina sababu ya kushtuka. Hadi leo, mzazi anayekataa mwanawe acheze ngoma shuleni kwa misingi ya dini si mjinga. Anabeba mjadala wenye umri wa miaka zaidi ya 100.

Mjadala huo ulilipuka mwaka 1929, kanisa na Agikuyu walipogombana kuhusu ukeketaji wa wasichana. Wimbo wa ngoma ulioitwa Muthirigu ulienea vijijini ukiwakejeli wamishonari na machifu, na mwaka 1930 serikali ya kikoloni ikaupiga marufuku. Kwa mzozo huo shule huru za Agikuyu zilipata nguvu, na mwaka 1939 chuo cha walimu kikafunguliwa Githunguri. Mimi sitetei ukeketaji. Sheria yetu inaukataza, na ni haki. Nataka tu tukumbuke kwamba watawala walijua nguvu ya wimbo. Hakuna serikali inayopiga marufuku burudani tupu.

Kisha ikaja hali ya hatari, 1952. Shule huru zikafungwa. Kuanzia 1954, zaidi ya watu milioni moja katika maeneo ya Agikuyu, Aembu na Ameru walihamishwa kutoka maboma yao hadi vijiji vya pamoja vilivyozungushiwa mitaro na kulindwa. Kulikuwa na kafyu, kulikuwa na kazi ya lazima, na wanaume wengi walikuwa kizuizini. Boma lililokuwa na nyumba ya shosho, ya mama na ya baba lilivunjwa na kugeuzwa safu ya vibanda. Tunaposema siku hizi kwamba wazazi wameacha kuwasimulia watoto kwa sababu ya televisheni na simu, tunailaumu simu kwa kosa ambalo nusu yake lilitendwa kabla haijazaliwa.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba utamaduni ulikaa kimya ukisubiri kuzikwa. Katika kipindi hichohicho cha ukoloni na vita vya dunia, vijana wa Kigikuyu walichukua kodiani ya Mzungu, wakaongeza chuma cha karing'aring'a, wakatunga mwomboko. Leo mwomboko huhesabiwa kuwa ngoma ya asili, na wazee huicheza kwa fahari. Kumbe utamaduni ukiachiwa nafasi huzaa.

Kizazi cha uhuru kilijaribu

Baada ya uhuru, wasomi walilivalia njuga suala hili. John Mbiti alichapisha ngano za Wakamba mwaka 1966. Mwaka 1968, Ngugi wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka maarufu katika Chuo Kikuu cha Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Kiafrika, ikiwemo fasihi simulizi, iwekwe katikati ya masomo. Ngugi, mzaliwa wa Limuru katika Kaunti hiihii ya Kiambu, aliendelea hadi kuwaandikia watoto hadithi za Njamba Nene kwa Gikuyu.

Hatua ambayo haisemwi sana, na ambayo kwa maoni yangu iliwafikia watoto wengi zaidi, ni ya chekechea. Kuanzia miaka ya 1970, Taasisi ya Elimu ya Kenya iliendesha mradi wa elimu ya chekechea, na mwaka 1984 kikaundwa kituo cha kitaifa cha elimu hiyo, NACECE, na baadaye matawi yake ya wilaya. Wakufunzi hawakungoja vitabu kutoka Nairobi. Waliwaomba walimu na wazazi wakusanye ngano, nyimbo, vitendawili na michezo ya mahali pao, kwa lugha za mahali pao, ili vitumike darasani. Shosho asiyejua kusoma akawa chanzo cha maarifa ya mtaala.

Upande wa pili kulikuwa na tamasha za muziki, ambazo zilianza 1927 na bado huwapeleka watoto wa shule jukwaani kila mwaka. Tamasha zimeokoa nyimbo nyingi, hilo halikanushiki. Ila zina kasoro moja ya kimaumbile: ni mashindano. Ngoma iliyochezwa usiku kucha hukatwa ikawa ya dakika chache. Wachezaji huchaguliwa, na wengine wote hubaki kupiga makofi. Katika boma hakukuwa na hadhira ya kupiga makofi; kila mtoto aliitikia, mwenye sauti nzuri na mwenye sauti ya chura.

Ruiru ya leo

Sasa tazama mahali tulipo. Sensa ya 2009 ilihesabu watu takriban 239,000 mjini Ruiru. Ile ya 2019 ikahesabu zaidi ya 490,000. Thika nayo ilipita 250,000. Barabara kuu ya Thika, iliyokamilika 2012, iligeuza mashamba ya kahawa kuwa ploti na maghorofa. Katika darasa moja la PP2 utampata mtoto ambaye babake ni Mluhya na mamake ni Mkamba, nyumbani wanaongea Kiswahili na Sheng, na shosho yuko Kakamega au Kitui, anaonekana Desemba.

Mtaala wa umilisi, uliofikia shule zote kuanzia 2019, unasema mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Kule Gatundu jibu ni rahisi. Ruiru na Thika mjini, lugha ya eneo ni Kiswahili. Hapo ndipo wengi hukata tamaa: wanadhani Kiswahili kikiingia, utamaduni wa nyumbani hutoka. Wengine hushika njia ya mkato, yaani ile siku moja ya sketi za makatani.

Mimi naona jibu liko kwenye lile jambo aliloliona Steere. Ikiwa Wazanzibari waliweza kusimulia kwa Kiswahili na kuacha wimbo katika maneno ambayo hata wao hawakuyaelewa yote, kwa nini mwalimu wa Ruiru asifanye vivyo? Asimulie ngano ya mke wa mhunzi kwa Kiswahili chepesi ambacho kila mtoto anakielewa, na njiwa aimbe kwa Gikuyu. Wiki ijayo asimulie ngano ya linani, na wimbo uwe wa Kibukusu. Baadaye sigana, wimbo uwe wa Kijaluo. Watoto hawaogopi maneno wasiyoyaelewa. Huyashika kwa mdundo kwanza, maana hufuata. Mtoto ambaye hajui neno la lugha ya babake ataanza na mistari miwili ya wimbo, na mwenziwe wa kabila jingine ataiimba pamoja naye. Huko ndiko kujuana.

Nyimbo zenyewe zitatoka wapi? Shuleni humohumo. Mwalimu mkuu na aulize: mpishi wetu anatoka wapi? Bawabu je? Dereva wa basi? Mara nyingi mtu anayejua wimbo mzima, aitikio lake na sababu yake ni yule anayekaranga vitunguu jikoni, naye hakuna aliyewahi kumuuliza. Shosho wa Kakamega anaweza kurekodi sauti kwenye simu na kuituma. Simu tunayoilaumu ifanye kazi.

Kuhusu ngoma, sheria iwe moja: isichezwe bila kuelezwa huchezwa lini na kwa nini. Chukua Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo mwaka 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Imepata jina lake kutokana na ngoma tatu, kubwa, ya wastani na ndogo. Mtoto wa miaka mitano anaweza kufundishwa kusikiliza ipi ni ipi, na kuambiwa kwamba huchezwa kwenye furaha na kwenye msiba pia. Hapo amejifunza kitu ambacho kuvaa sketi peke yake hakuwezi kumfunza.

Si kila kitu cha kale kinafaa darasani. Zipo nyimbo za jando zenye matusi, na zipo ngano ambazo msichana hana kazi ila kuolewa. Wasimulizi wa zamani walichagua kulingana na umri wa wasikilizaji. Mwalimu naye achague. Naye mzazi mwenye shaka ya kidini aitwe, aelezwe maneno ya wimbo na maana yake, asiitwe mshamba.

Pingamizi kubwa litakuwa muda. Walimu watasema ratiba imejaa. Lakini ngano moja yenye wimbo huchukua dakika 15, na kwa wiki moja moja inakuwa ngano zaidi ya 30 kwa mwaka wa shule. Mtoto anayeingia PP1 leo na kufika gredi ya tatu atakuwa amesikia ngano zaidi ya 150 kutoka jamii nyingi za nchi hii. Wengi wetu tuliosoma Thika na Ruiru tukijipongeza kwa Kiingereza chetu hatuwezi kusimulia hata kumi.